Vitu Vidogo Ndani ya Friwili

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo

 

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Hayo tumeyazungumza mara nyingi, na mtanisikia tena. Leo ni zamu ya baiskeli. Na si baiskeli nzima. Tutazungumza juu ya kitu kimoja tu, nacho ni friwili. Tutaona kilichomo ndani yake. Tutaona jinsi ya kuifungua na kuifunga. Tutaona pia kwa nini baiskeli nyingine hutoka kwa fundi zikiwa na ugonjwa ambao hazikwenda nao.

Daftari na penseli mnazo? Ziwekeni karibu. Zitakuwa na kazi.

Friwili ni lile gurudumu dogo la meno lililo katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Mnyororo hupita juu yake. Ukikanyaga pedali kwenda mbele, friwili inashika na baiskeli inakwenda. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea kwenda lakini miguu yako inapumzika. Hapo unasikia tik-tik-tik-tik. Zamani sana, kabla ya miaka ya 1890 kwisha, baiskeli nyingi hazikuwa na kitu hiki. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Mtu akiteremka mlima ilimbidi ainue miguu yote miwili juu kama anayevuka mto.

Sasa tuingie ndani.

Kwanza kuna duara la nje. Hili ndilo lenye meno ya kushika mnyororo. Lakini duara hilo lina meno mengine pia kwa upande wa ndani. Ni madogo, nayo yamelala upande mmoja kama meno ya msumeno. Pili, kuna kiini. Kiini kimefungwa kwenye habu ya gurudumu, na kila gurudumu linapozunguka, kiini kinazunguka nalo. Ubavuni mwa kiini mna vishimo. Ndani ya kila kishimo kimelala kipande kidogo cha chuma, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho. Mimi nitakiita ulimi, kwa sababu kinatoka na kuingia. Friwili nyingi za baiskeli zetu za mizigo, kama zile za Phoenix kutoka China au Hero kutoka India, zina ndimi mbili. Ziko friwili zenye ndimi nne.

Nyuma ya kila ulimi kuna springi. Springi yenyewe ni waya mwembamba sana. Ukiupuliza unaruka, na ukiangukia mchangani, umekwenda. Kazi ya springi ni kuusukuma ulimi utoke nje. Unapokanyaga pedali, ncha ya ulimi inakwama kwenye jino la ndani, kama komeo linavyokwama kwenye mlango. Basi duara la nje na kiini vinakuwa kitu kimoja, na gurudumu linakwenda. Unapoacha kukanyaga, ndimi zinateleza juu ya migongo ya meno yale. Zinalala, zinainuka, zinalala, zinainuka. Ule mlio wa tik-tik ni ndimi zinazoinuka na kugonga.

Halafu kuna gololi. Zimepangwa safu mbili, moja juu na moja chini, ili duara la nje lizunguke vizuri juu ya kiini. Mwisho kuna mfuniko wenye matundu mawili, na chini ya mfuniko kuna washa nyembamba kama karatasi.

Hebu fikirini jambo moja. Mtu anapanda mlima. Nyuma amefunga gunia la mahindi la kilo 100. Amesimama juu ya pedali. Nguvu yake yote inapita kwenye vipande viwili vya chuma vilivyo kama kucha. Na vipande hivyo haviwezi kushika kama springi haikuvisimamisha. Springi haibebi mzigo hata kidogo. Inainua ulimi tu. Lakini ulimi usioinuka haushiki, na friwili isiyoshika ikiachia ghafla, mguu unazama, kifua kinagonga usukani, na gunia linamfuata mwenyewe chini. Kama aliyekaa nyuma si gunia bali ni mgonjwa anayepelekwa zahanati, mambo ni mabaya zaidi.

Nitawapa mfano. Katika kijiji kimoja cha eneo langu, mama mmoja muuza ndizi alipeleka baiskeli yake kwa kijana fundi wa chini ya mwembe. Friwili ilikuwa inakwaruza. Kijana akaifungua, akaisafisha, akaijaza grisi mpya mpaka ikafurika, akaifunga. Mama akalipa, akaondoka. Alipofika mlima wa kwanza friwili ikaachia. Akaanguka, ndizi zikapondeka, kifundo cha mkono kikateguka.

Jioni ile watu wakaanza kusema. Wakasema fundi ametoa ndimi nzima za mama akaweka kuukuu. Wakasema springi moja amemwekea mteja mwingine. Kijana akaapa. Mama yake kijana naye akajibu maneno. Watu wa nyumba hizo mbili wakaacha kuamkiana. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti hakuuliza nani mwongo. Alisema: "Leteni gurudumu, leteni sinia, tufungue hapa hapa." Nami nilikuwapo. Friwili ikafunguliwa mbele ya watu wote. Ndimi zilikuwa mbili. Springi zilikuwa mbili. Hakuna aliyeiba. Ila springi moja ilikuwa imekaa ubavuni mwa ulimi badala ya kukaa nyuma yake. Ulimi ule ulikuwa umelala kishimoni, tena umegandishwa na grisi nzito. Mzigo wote ulikuwa umebaki kwa ulimi mmoja, nao ncha yake ilikuwa imelika. Waya wenye uzito usiofika hata wa punje ya mtama ulitaka kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Mimi simlaumu sana kijana yule kwa springi. Kitu kidogo namna ile kinaweza kumponyoka mtu yeyote. Namlaumu kwa kuwa anajua kusoma na kuandika na hakuandika kitu. Na mwenye baiskeli naye anajua kusoma na kuandika, na hakuuliza kitu.

Basi, daftari. Kabla ya kufungua, chora duara mbili. Moja ni safu ya juu ya gololi, nyingine ni safu ya chini. Unapozitoa, hesabu na kuandika idadi ndani ya kila duara. Usitegemee idadi ya jirani, maana friwili za viwanda mbalimbali zina idadi mbalimbali. Chora pia ulimi mmoja na kishimo chake. Onyesha ncha imeelekea wapi. Onyesha springi inapita wapi. Si lazima mchoro uwe mzuri. Uwe wa kweli tu. Halafu andika hivi: "Washa nyembamba ngapi. Ndimi ngapi. Springi ngapi. Tarehe." Fundi aandike, mwenye baiskeli asome, kila mmoja aweke jina lake chini. Ni kazi ya dakika tano.

Haya, sasa tufungue.

Toa gurudumu la nyuma kwenye baiskeli. Huna haja ya kuitoa friwili kwenye gurudumu. Kuitoa kunataka spana yake maalumu, na wengi hawana. Lilaze gurudumu juu ya ndoo au juu ya matofali mawili, friwili ikiangalia juu, ekseli ikining'inia katikati. Tandika kitambaa cheupe juu ya spoku, kipite mpaka chini ya friwili. Kitambaa hicho kitakamata gololi za safu ya chini, maana zitaanguka bila kuaga. Usifanye kazi hii mchangani wala kwenye nyasi. Watoto wadogo wakae mbali. Gololi inang'aa, na mtoto huipeleka mdomoni.

Mfuniko una matundu mawili madogo. Weka msumari mnene wenye ncha butu kwenye tundu moja, gonga polepole kwa nyundo ili mfuniko uzunguke. Uzunguke upande gani? Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Nati nyingi unazozijua hulegea ukizizungusha kuelekea kushoto, yaani kinyume cha mshale wa saa. Mfuniko wa friwili hulegea kwa kufuata mshale wa saa. Hesi yake, yaani ile mistari iliyochongwa ya kuuvutia ndani, imechongwa kinyume. Mafundi huita hesi ya kushoto. Pedali ya mguu wa kushoto nayo iko hivyo hivyo.

Kwa nini walifanya hivyo? Si kwa kututesa. Unapoteremka mlima, kiini kinazunguka na gurudumu, lakini duara la nje limetulia. Gololi zilizo katikati yao zinausugua mfuniko na kuuvuta kinyume cha mshale wa saa. Kama hesi ingekuwa ya kawaida, mfuniko ungejifungua wenyewe njiani na gololi zingemwagika barabarani. Kwa hesi ya kushoto, msuguo ule ule unauzidishia kukaza. Kwa hiyo, ukiona mfuniko umekataa, usiongeze nyundo. Kwanza jiulize unauzungusha upande gani.

Mfuniko ukitoka, toa washa nyembamba, hesabu, andika. Toa gololi za juu, hesabu, andika. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inafaa sana kuzikusanya. Kisha inua duara la nje polepole, huku kiganja chako kikiwa juu yake, maana ndimi zinaweza kuruka zikisukumwa na springi. Sasa safu ya chini. Hesabu, andika.

Osha vyote kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mbali na moto. Petroli isafishie mwenyewe wa petroli. Sisi tuna familia. Kausha kwa kitambaa. Halafu uangalie kila kitu kwenye mwanga wa jua. Gololi njema ni laini na inang'aa. Yenye madoa au iliyopasuka usiirudishe. Ncha ya ulimi mwema ina kona kali, ukiigusa kwa ukucha inakwaruza. Ncha iliyokuwa ya mviringo imezeeka. Meno ya ndani nayo yatazame hivyo hivyo. Kama meno yamelika na kuwa kama vilima, usihangaike. Hapo funga tu, ukatafute friwili nyingine.

Nakuja kwenye grisi, jambo lililomwangusha mama muuza ndizi. Watu wanapenda grisi. Wanadhani ikiwa nyingi, ndiyo heshima ya kazi. Katika habu ya gurudumu grisi ni sahihi kabisa, maana mle mna gololi tu. Katika friwili mna ndimi, na ndimi zinataka kuinuka na kulala mara nyingi sana kila dakika. Grisi nzito inazigandisha, hasa asubuhi ya baridi. Springi ile nyembamba itawezaje kuusukuma ulimi uliozama kwenye grisi? Kwa hiyo, ndimi na springi zipate mafuta mepesi tu, kama mafuta ya cherehani, matone mawili au matatu. Grisi kidogo iende kwenye njia za gololi peke yake, kiasi cha kuzishika zisianguke wakati unafunga. Na jamani, mafuta ya kula yabaki jikoni. Siku ya kwanza baiskeli inateleza vizuri, lakini mafuta yale yakikaa yanageuka kama gundi, yanashika vumbi, na ndimi zinalala zisiamke.

Tukiwa kwenye kufunga, fuateni taratibu hii.

Weka springi kwanza, halafu ulimi. Mwisho mmoja wa ulimi ni wa mviringo. Huo unakaa ndani ya kishimo na kugeuka humo kama bawaba. Mwisho mwingine ndio ncha yenye kona. Ukilitazama gurudumu kwa upande wa friwili, ncha za ndimi zote zinaelekea kinyume cha mshale wa saa. Tazama mchoro wako wa daftari. Kama ncha moja inaelekea huku na nyingine kule, umekosea kabla hujafunga, na hilo ni kosa la bei rahisi. Sasa bonyeza kila ulimi kwa kidole. Ulale. Achia. Uinuke wenyewe, upesi. Kama unainuka kwa uvivu, springi haijakaa nyuma yake, au uchafu umebaki. Usiendelee mbele mpaka kila ulimi umeitika.

Pangeni gololi za safu ya chini juu ya bega la kiini, zishikwe na grisi kidogo. Idadi ni ile ya daftarini. Kama daftari lilisahaulika, jazeni safu mpaka iwe kamili, halafu toeni moja. Gololi zinataka nafasi ya kupumua kiasi cha gololi moja. Zikibanwa zote kabisa, zinasuguana na friwili inakuwa nzito.

Kisha inakuja kazi ya kurudisha duara la nje, na hapo ndimi zinakataa kwa sababu zimesimama. Wengine husukuma kwa nguvu. Hapo springi hupinda au huponyoka, na hakuna anayeona. Ziko njia nyingine. Chukua uzi wa cherehani. Laza ndimi kwa vidole, zizungushie uzi mara moja au mbili, zibaki zimelala. Acha ncha ya uzi juu. Teremsha duara la nje polepole mpaka likae. Kisha vuta uzi utoke wote. Utasikia ndimi zinasimama zenyewe, tik. Niliwaona akina mama wa kikundi cha ushonaji wakifanya kazi hii mara ya kwanza, nao waliwashinda vijana wa gereji, maana vidole vyao vimezoea uzi.

Kabla ya kuweka gololi za juu, jaribu. Shika gurudumu lisizunguke. Zungusha duara la nje kinyume cha mshale wa saa. Liende, likilia tik-tik. Lizungushe kwa kufuata mshale wa saa. Likatae. Kama linakwenda pande zote mbili, fungua tena sasa hivi, usijidanganye kwamba litakaa sawa barabarani. Likiitika vizuri, panga gololi za juu, rudisha washa zote, weka mfuniko. Kumbuka kukaza ni kinyume cha mshale wa saa. Mfuniko ukianza kwa shida, umeingia upande. Utoe, uanze upya kwa vidole, bila nyundo. Nyundo ije mwishoni.

Sasa tuseme umefunga, na mambo si mazuri. Usikimbilie kununua. Friwili inasema ugonjwa wake, isikilize.

Kama pedali zinazunguka mbele na gurudumu halitikisiki, ndimi zote zimelala. Kama ulitia grisi, ni grisi. Kama hukutia, ni springi.

Kama inashika ukiwa huna mzigo na kuachia ukiwa na mzigo, ugonjwa huo ni wa hatari kuliko yote, kwa sababu ukiijaribu uani utaiona nzima. Mara nyingi ulimi mmoja haufanyi kazi, au ncha zimelika. Tega sikio karibu na friwili na kuzungusha pedali nyuma polepole sana. Mlio uwe wa nguvu ile ile kila mara. Ukisikia hafifu, au mlio wa kitu kinachoburuta, fungua.

Lakini hapa kuna mtego. Mnyororo uliochakaa nao huruka, na mpandaji anadhani ni friwili. Utajuaje? Chukua chaki. Tia alama kwenye jino moja la friwili na kwenye spoku iliyo karibu nalo. Mwenzako akaze breki ya nyuma. Wewe sukuma pedali mbele kwa mkono, kwa nguvu. Kama jino lenye chaki linaondoka na spoku imebaki, friwili imeachia. Kama jino limetulia karibu na spoku yake na mnyororo unapanda juu ya meno, mnyororo na meno vimechakaa, au mnyororo umelegea. Friwili haina kesi. Nimeona watu wakibadili friwili nzima kwa sababu ya mnyororo uliotaka kukazwa tu.

Kama pedali zinaendelea kuzunguka na kukusukuma miguu ukiwa umeacha kukanyaga, friwili imebanwa. Hesabu washa. Ukisahau washa moja nje, mfuniko unashuka kupita kiasi na kuzibana gololi. Au kipande cha springi kimevunjika na kukwama kwenye meno. Usitumie nguvu, kwa sababu kipande hicho kitavunja na vingine.

Kama duara la nje linayumba sana, washa zimezidi, au mfuniko haukukaza, au gololi zimepungua. Kuyumba kidogo si ugonjwa. Hata friwili mpya huyumba kidogo.

Nitaje na gololi za habu, kwa sababu watu wakifungua friwili na habu siku moja huchanganya. Kwa kawaida habu ya nyuma hutumia gololi za robo inchi, tisa kila upande. Habu ya mbele hutumia za inchi 3/16, kumi kila upande. Za friwili ni ndogo kabisa, inchi 1/8, yaani kama milimita tatu. Weka kila aina kwenye kikombe chake, na uandike kwenye karatasi jina la kikombe. Gololi moja kubwa ikiingia kati ya ndogo, hiyo moja ndiyo itakayobeba kila kitu. Itapasuka, na koni itachimbika.

Ukimaliza, usifunge mzigo siku hiyo hiyo. Panda mwenyewe kwenye njia ya tambarare. Halafu panda kilima kidogo ukiwa umekaa, si umesimama. Shuka, sikiliza tena. Kesho yake weka mzigo mdogo. Mgonjwa au mtoto asiwe wa kwanza kuijaribu friwili iliyofungwa leo.

Kabla sijafika hapa leo, mzee mmoja aliniuliza maswali mawili, nami nilimwahidi kuyajibu mbele yenu. La kwanza: ulimi uliolika, hatuwezi kuunoa kwa tupa? Tupa itauondoa uso wake wa nje, na uso huo ndio uliofanywa mgumu kiwandani. Ndani ni laini zaidi. Utaona ncha imekuwa kali, utafurahi, na baada ya muda mfupi italika tena. Afadhali kutafuta ndimi kwenye friwili kuukuu ya aina ile ile. Chukua zote mbili, usichanganye mpya na nzee, ili zishike pamoja.

La pili: springi ikipotea, waya wowote haufai? Waya wa kufungia fito haufai, kwa sababu ukiupinda unabaki umepinda, haurudi. Ukikwama njiani, uzi mmoja wa chuma uliofumuliwa kutoka kwenye kebo ya breki iliyokatika unaweza kukatwa na kupindwa kwa kufuata umbo la springi ile nyingine. Huo una urudi wa chuma. Utakufikisha nyumbani ukiwa peke yako na bila mzigo. Ukifika, andika daftarini kwamba springi ya upande huo ni ya kebo, ili atakayefungua baada yako ajue.